DAWA, JAVELI NA BARUTI: VITU VILIVYOUNDWA NA WATU

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayeongoza nyumba, angalieni vitu vilivyomo ndani ya lupango lenu. Kabatini kuna vidonge vya malaria. Karibu na choo kuna chupa ya javeli. Shambani pengine kuna mfuko wa mbolea nyeupe. Na kule kazini, baba hupita kila siku karibu na mahali penye baruti. Vitu hivi vinne havifanani hata kidogo. Lakini vyote vimepita katika mikono ya wanakemia, watu ambao kazi yao ni kuvunja vitu vya asili na kuviunda upya.

Kwa nini ukurasa wa usalama na afya uzungumze habari ya kemia? Kwa sababu mtu asiyejua kitu kilivyo huanguka katika moja ya mitego miwili. Ama anakiogopa kitu ambacho kingeokoa maisha yake, ama anakiamini bila kipimo mpaka kinamdhuru. Sisi wa Beni na Butembo tumeona mitego yote miwili kwa macho yetu.

Kuunda maana yake nini?

Kila kitu duniani kimejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa atomu. Zichukue kama matofali. Kwa matofali yale yale fundi anaweza kujenga jiko, kanisa au ukuta wa choo. Kinachotofautisha majengo hayo ni idadi ya matofali na namna yalivyopangwa. Ndivyo ilivyo kwa atomu. Zikishikana pamoja kwa mpango fulani, zinafanya kitu kipya chenye tabia yake. Chumvi ya jikoni ni mfano mzuri. Ndani yake mna sodiamu, metali inayolipuka ikiguswa na maji, na klori, hewa yenye sumu. Zikiungana, mama anatia katika sombe na watoto wanakula.

Zamani wataalamu waligawa vitu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vitu vya mawe, chumvi na metali. Fungu la pili ni vitu vyenye kaboni, vinavyotoka katika miti, wanyama na watu. Waliamini kwamba vitu vya fungu la pili haviwezi kutengenezwa na mtu, kwa kuwa vinahitaji nguvu ya uhai. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alipata urea, kitu kilichomo katika mkojo, kutokana na chumvi za maabara peke yake. Hakuhitaji figo wala mnyama. Tangu siku zile ukuta kati ya mafungu mawili ulianza kubomoka. Leo urea inatengenezwa viwandani kwa mamilioni ya tani, nayo ndiyo ile mbolea nyeupe ya shambani.

Kazi hiyo ya kuunganisha vitu vidogo mpaka kupata kitu kikubwa kinachotakiwa huitwa usanisi. Tuone sasa imetufikiaje sisi wa Kivu ya Kaskazini.

Kinini: mti ulioshindana na maabara

Mtu anayesafiri katika vilima vya Lubero na Butembo hukutana na mashamba ya mti wa kinkina, ambao wengi wanauita mti wa kinini. Mti huu asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Uliletwa Kivu wakati wa ukoloni wa Wabelgiji kwa sababu unapenda baridi ya milimani na mvua yetu. Wakulima huuchubua, hukausha maganda na kuyauza, na huko Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimejulikana kwa miaka mingi kwa kutoa kinini ndani ya maganda hayo.

Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kutenga kinini safi kutoka katika ganda. Tangu hapo daktari aliweza kupima dawa badala ya kukisia nguvu ya chungu cha maji machungu. Baadaye wanakemia wakajiuliza: je, hatuwezi kuitengeneza wenyewe bila mti? Molekuli moja ya kinini ina atomu 20 za kaboni, 24 za haidrojeni, 2 za naitrojeni na 2 za oksijeni. Kwenye karatasi inaonekana rahisi.

Mwaka 1856, London, kijana wa miaka 18 aitwaye William Perkin alijaribu. Alihesabu atomu lakini hakujua zimepangwaje, kwa sababu wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua. Badala ya kinini alipata uchafu mweusi, na ndani ya uchafu huo rangi nzuri ya zambarau ya kutia nguo. Kinini hakuipata, lakini kiwanda cha rangi alikifungua.

Haja ya kinini ilikua kubwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Mwaka 1942 jeshi la Japani liliteka kisiwa cha Java, ambako sehemu kubwa sana ya kinini ya dunia ilikuwa ikitoka. Majeshi yalianza kukosa dawa, na mashamba ya Kivu yakapata thamani mpya. Mwaka 1944 Wamarekani Robert Woodward na William Doering walitangaza njia ya kuiunda. Ilikuwa kazi ya akili nyingi, lakini njia hiyo ilikuwa ndefu na ya gharama. Mpaka mwaka 2001 ndipo Gilbert Stork na wenzake walipotoa njia iliyopanga kila atomu mahali pake kwa uhakika. Hata hivyo, hadi leo hakuna kiwanda kinachounda kinini kwa bei ya kushinda ganda la mti. Kwa kitu hiki, mti bado ni fundi kuliko mtu.

Hapa pana fundisho la usalama. Katika ganda lile lile la kinkina mna kitu kingine kiitwacho kinidini. Idadi ya atomu zake ni ile ile ya kinini, wala hakuna iliyoongezeka au kupungua. Tofauti ni namna chache kati yao zilivyogeukia upande mwingine, kama glavu ya mkono wa kushoto na ya mkono wa kulia. Lakini kinidini inagusa mapigo ya moyo kwa nguvu zaidi. Mtu anayechemsha maganda nyumbani anakunywa vyote viwili pamoja na vingine, bila kujua kipimo cha hata kimoja. Dalili za kuzidisha ni masikio kuvuma, macho kufifia, kichwa kuzunguka na moyo kwenda ovyo. Mtoto na mama mjamzito wako katika hatari kubwa zaidi. Usiseme, «Ni ya mti, haiwezi kunidhuru.» Sumu nyingi nazo ni za miti.

Wakati maabara iliposhinda, na wakati iliposhindwa

Wanakemia waliposhindwa kuiga kinini kwa bei nafuu, walitengeneza vitu vingine vinavyofanya kazi inayofanana. Mwaka 1934 Hans Andersag wa kiwanda cha Bayer, Ujerumani, aliunda klorokini. Kitu hiki hakikutoka katika mti wowote. Wazee wetu wanakumbuka vidonge vyake: vilikuwa rahisi, vilikuwa kila mahali, na viliokoa watu wengi. Lakini watu walimeza nusu ya dozi, wakaacha homa ilipotulia. Vijidudu vya malaria vilivyobaki vilizoea dawa. Toka mwisho wa miaka ya 1970 klorokini ilianza kushindwa Afrika ya Mashariki, kisha na kwetu, hadi nchi ikaiacha.

Msaada ulitoka China. Mwaka 1972 mama mtaalamu Tu Youyou na wenzake walitenga artemisinini kutoka katika mmea wa artemisia. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wanakemia hawakuiacha ilivyokuwa. Waliibadilisha kidogo wakapata artesunate, ambayo inayeyuka na inaweza kudungwa kwa sindano. Mwaka 2010 matokeo ya uchunguzi mkubwa katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, yalitangazwa. Watoto 5,425 wenye malaria kali walishiriki. Kati ya waliopewa kinini walikufa 10.9 kwa mia. Kati ya waliopewa artesunate walikufa 8.5 kwa mia. Tofauti hiyo ni uhai wa watoto wengi, na tangu hapo artesunate ndiyo sindano ya kwanza kwa malaria kali.

Wako wanaopanda artemisia uani na kunywa chai yake. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kuwa tiba ya malaria, kwa sababu dawa iliyomo ni kidogo na haina kipimo. Dawa kidogo haiui vijidudu vyote. Inavifundisha kupigana, kama ilivyotokea kwa klorokini.

Javeli: rafiki mwenye meno

Sasa tuje kwenye vitu vya fungu la kwanza, visivyo vya kaboni. Jina la javeli linatoka katika kijiji cha Javel, karibu na Paris, ambako maji haya yalitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1780 kutokana na uvumbuzi wa Claude Berthollet. Viwandani, umeme hupitishwa katika maji ya chumvi, klori inatoka, nayo inaunganishwa na soda kali. Chumvi ile ya jikoni imegeuzwa kuwa muuaji wa vijidudu. Unga wa klori unaoitwa HTH ni ndugu yake, lakini una nguvu zaidi: kwa kawaida klori yake ni 65 hadi 70 kwa mia.

Wakati wa Ebola kila mlango wa Beni na Butembo ulikuwa na ndoo ya maji ya klori. Nguvu zake zilikuwa mbili, na haifai kuzichanganya:

– Maji hafifu, 0.05 kwa mia, ni ya kunawa mikono.
– Maji makali, 0.5 kwa mia, ni ya kusafisha sakafu, vyombo na mahali penye matapishi au damu.

Ukiwa na HTH ya 70 kwa mia, gramu 7 hivi katika lita 1 ya maji zinakupa maji makali. Ukiwa na javeli ya 5 kwa mia, changanya kikombe 1 cha javeli na vikombe 9 vya maji. Kupata maji hafifu, chukua kikombe 1 cha maji makali uongeze vikombe 9 vya maji safi. Tengeneza mapya kila siku, kwa maana nguvu yake inapotea, hasa juani.

Lakini rafiki huyu ana meno. Javeli ikikutana na siki, maji ya limau au asidi ya betri, inatoa hewa ya klori inayochoma mapafu. Ikikutana na mkojo uliokaa muda mrefu au dawa ya kusafishia yenye amonia, inatoa hewa nyingine ya sumu. Na HTH ikiguswa na mazuti, petroli au mafuta ya breki inaweza kuwaka moto yenyewe bila kiberiti. Wafanyakazi wa gereji na wa ghala la kampuni, mnasikia? Usiweke bidoni la mazuti karibu na ndoo ya HTH hata kwa usiku mmoja.

Baruti kutoka katika hewa

Hewa tunayovuta ina naitrojeni nyingi, lakini miti haiwezi kuila hivi hivi. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuiunganisha na haidrojeni kupata amonia, kwa moto mkali, mgandamizo mkubwa na metali ya kuharakisha kazi. Mwenzake Carl Bosch aliigeuza kuwa kazi ya kiwanda, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kilianza. Amonia hiyo ndiyo mama wa mbolea za leo. Ndiyo pia mama wa nitrati ya amonia, ambayo ikichanganywa na mazuti kidogo inakuwa baruti ya kupasulia mwamba katika migodi mingi ya dunia. Kitu kile kile kinalisha mahindi na kinavunja mlima. Hakina wema wala ubaya wake: mkono unaokishika ndio unaoamua.

Baada ya mlipuko, usikimbilie shimoni. Moshi wa rangi ya kahawia ni sumu ambayo inaweza kujaza mapafu maji saa nyingi baadaye, wakati umekwisha kurudi nyumbani na kudhani umepona. Na kuna hewa nyingine, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo inalaza mtu asiamke. Ngoja mkuu wa kazi apime hewa na kutoa ruhusa. Mwenzako akianguka mbele yako, usimfuate bila kifaa cha kupumulia. Ita msaada. Jeneza moja linatosha kuliza kambi, msiongeze la pili.

Pamoja Tulinde Maisha

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa upande wa Mangina, katika territwari ya Beni. Ugonjwa ule ulipita Beni, ukaingia Butembo na Katwa, na ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 walikufa. Hakuna mtaa wetu usiojua maana ya hesabu hiyo.

Katika siku zile maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema dawa za kiwandani zimeletwa kuua watu. Vituo vya kutibia vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Kameruni, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa Butembo akiwa kazini. Ndiyo maana ni haki kila mmoja wetu ajue kilichofanyika kweli.

Tarehe 20 Novemba 2018 ulianza uchunguzi wa dawa nne, ukiongozwa pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa taasisi ya INRB ya Kinshasa. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingia. Dawa tatu zilikuwa kingamwili, yaani askari wa mwili waliozalishwa katika chembe hai. Ya nne, remdesivir, ilikuwa kazi ya wanakemia peke yao.

Remdesivir iliundwa na kampuni ya Gilead ya Marekani. Imepangwa ifanane na tofali moja ambalo virusi hulitumia kujenga nakala zake. Virusi hulichukua vikidhani ni tofali halali, kisha ujenzi unakwama. Mpango huo ni wa akili, na mwaka 2016 ilitangazwa kwamba nyani waliopewa dawa hiyo walipona Ebola. Kila mtu alikuwa na tumaini.

Lakini tarehe 9 Agosti 2019 hesabu zilionyesha mambo mengine. Waliopewa remdesivir walikufa 53 kwa mia. Waliopewa ZMapp walikufa karibu 50 kwa mia. Waliopewa mAb114 walikufa 35 kwa mia, na waliopewa REGN-EB3 walikufa 33.5 kwa mia. Wasimamizi walishauri dawa mbili za kwanza ziachwe mara moja ili wagonjwa wote wapewe zile mbili bora. Na ile mAb114 asili yake ni damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Leo inaitwa Ebanga.

Basi remdesivir ilikuwa takataka? Hapana. Mwaka 2020 iliruhusiwa Marekani kwa wagonjwa wa Covid-19, ambao virusi vyao ni vya aina nyingine. Ufunguo uliokataa mlango mmoja ulifungua mwingine. Fundisho ni hili: kuunda dawa ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuipima kwa haki, kwa wagonjwa waliokubali, na kuiacha ikishindwa, hata kama imegharimu fedha nyingi. Nusu hiyo ya pili ilifanyika hapa kwetu, na dunia nzima ilijifunza kutoka kwa wagonjwa wa Beni na Butembo.

Uchunguzi ule ulionyesha jambo jingine ambalo kila jamaa ilishike. Waliofika na virusi vichache mwilini na kupewa dawa bora, kama tisa kati ya kumi waliishi. Na kila siku moja ya kukawia nyumbani baada ya dalili kuanza iliongeza hatari ya kufa. Hakuna dawa inayoweza kurudisha siku zilizopotezwa kwa kungoja.

Mambo ya kushika

1. Homa ikianza, nenda dispanseri siku ile ile. Pima kwanza, kisha meza dawa.
2. Maliza dozi yote, hata ukijisikia mzima siku ya pili. Usigawe vidonge na jirani.
3. Usinunue vidonge vilivyotawanywa juani sokoni. Angalia jina, tarehe na kifungio. Dawa bandia inaweza kuwa na rangi ile ile bila dawa ndani.
4. Kumbuka hesabu ya javeli: kikombe kimoja, vikombe tisa. Usichanganye na kitu kingine isipokuwa maji. Usiinywe kamwe.
5. Usitie javeli, asidi au mazuti katika chupa ya sukari au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui kusoma.
6. Javeli ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15 au zaidi, kisha nenda kwa daktari. Mtu akiinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali pamoja na chupa.
7. Shimoni, subiri ruhusa baada ya mlipuko. Ukikohoa au kubanwa kifua usiku baada ya kuvuta moshi, usingoje asubuhi.

Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba. Baba, ukirudi kazini usome ukurasa huu kwa sauti pamoja na mama na watoto, halafu mfungue kabati na kutazama pamoja kila chupa iliyomo. Ile isiyo na jina, mwulizeni mwuguzi wa dispanseri kabla ya mtu yeyote kuigusa.